Amri ya Kunyamaza

Cheptanui alikuwa mtu wa hasira tangu utotoni, na hakuona haya nayo. Kompyuta ikiganda aliitukana. Mteja akimletea mashine iliyomwagiwa chai na kuapa kwamba ilijizima yenyewe, alimtukana mteja. Alikuwa amefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Nakuru mpaka siku alipomwambia mkuu wa chuo, mbele ya wazazi, kwamba maabara yake ni stoo ya vumbi. Baada ya hapo alifungua duka lake mwenyewe mtaani Free Area, kati ya saluni ya Wangare na hoteli ya chai. Alitengeneza kompyuta, akanakili muziki kwenye CD na simu, na spika zake mbili zilikaa mlangoni tangu asubuhi.

Mwaka huo wa 2007 karibu kila duka kwenye safu ile lilikuwa limepata kompyuta kuukuu ya kuchezea muziki. Bucha, saluni, hoteli, hata fundi wa viatu. Kila moja ilikuwa na programu yake ya muziki, maana kila mwenye duka alichukua ile aliyopewa na shemeji yake. Programu moja ilihesabu nyimbo kuanzia sifuri, nyingine kuanzia moja. Moja ilipima sauti kwa mia, nyingine kwa namba ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeichagua. Ukijua kuendesha hii, ile ilikuwa bado inakushinda. Kutwa nzima watu walikuwa wakimwita: Mama Mitambo, hii yangu imekataa; Mama Mitambo, nimeitisha wimbo huu imenipa ule mwingine.

"Kwani hawa watu walitengeneza hizi vitu hawakuongea?" Wangare aliuliza siku moja, kitana mkononi, kichwa cha mteja mbele yake.

"Hawakuongea. Kila mmoja alijifungia chumbani akajiona Mungu."

"Basi waongeleshe wewe, jirani. Mdomo unao."

Wangare alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, na ndiye mtu pekee mtaani aliyeweza kumjibu Cheptanui hivyo akabaki salama. Tena alikuwa amesema kweli. Kama watengenezaji wa programu hizo hawakuongea, mtu angeweza kuzifanya ziongee.

Mshirika aliyempata katika kazi hiyo alikuwa Dhruv, mwenye duka la redio na televisheni mjini. Dhruv alikuwa amesomea uhandisi India, kisha akarudi kukaa nyuma ya kaunta ya baba yake, na uchovu wa kuuza betri ulimpa muda mwingi wa kufikiri. Wawili hao hawakutaka kuunda programu nyingine ya muziki. Zilizokuwepo zilikuwa zimeshawatosha. Walitaka lugha moja ya amri: cheza, simama, mbele, nyuma, ongeza sauti. Kila programu ingewekewa mkalimani mdogo wa kupokea amri hiyo na kuigeuza iwe ile ambayo programu inaielewa. Rimoti yoyote na kibodi yoyote ingesema lugha hiyo, na muziki ungetii, uwe wa bucha au wa saluni. Dhruv alileta rimoti na vipokezi vyake, Cheptanui akaandika wakalimani. Kazi yote waliiita mkataba, kwa sababu amri ikishaandikwa humo pande zote zinapaswa kuiheshimu.

Waligombana juu ya mkataba huo mpaka chai ikapoa, wakaagiza nyingine nayo ikapoa. Nyimbo zihesabiwe kuanzia moja: Cheptanui alishinda. Sauti ipimwe kwa mia: hapo walikubaliana. Ndipo wakafika kwenye amri ya kusimamisha.

"Kitufe moja inatosha," Dhruv alisema. "Kama inacheza, inasimama. Kama imesimama, inacheza. Simple. Hii rimoti iko na vitufe kidogo sana."

"Hapana. Amri ya kunyamaza ni ya kunyamaza. Hata ukiirudia mara kumi."

"Lakini watu wamezoea hivyo."

"Baba akimwambia mtoto nyamaza, halafu mama naye amwambie nyamaza, mtoto ataanza kuimba?"

Dhruv alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kaunta. "Sawa, sawa, umeshinda. Zikae mbili."

Alikubali kwa mdomo. Kuna watu wa aina hiyo. Wanakubali ili ugomvi uishe, halafu wanaenda kufanya walichotaka tangu mwanzo, tena kwa roho safi kabisa na tabasamu juu. Heri mbishi anayekubishia mchana kweupe, kwa maana huyo unajua umesimama wapi naye.

Desemba Cheptanui alifunga duka, akamwachia Wangare ufunguo, akaenda Longonot kumwona dada yake. Huku nyuma Dhruv alikuja Free Area kama mtu aliyebeba zawadi ya Krismasi. Alipita duka kwa duka na toleo jipya la mkataba, akaliingiza kwenye mashine zote, pamoja na ya Cheptanui. Kisha akamtumia ujumbe kwenye simu: toleo jipya liko ndani, limekubali, Merry Xmas. Hakusema zaidi. Rimoti bado ilikuwa na kitufe kilichoandikwa "simama", na mtu aliyekitazama hangeona tofauti yoyote.

Kisha ukaja uchaguzi, na yaliyofuata baada ya uchaguzi. Aliyekuwa Nakuru Januari ile hahitaji kusimuliwa, na asiyekuwepo na ashukuru. Watu waliokuwa wakisalimiana kwanza wakaanza kuulizana majina kwanza, maana jina lilitaja kabila. Moto ulipofika mtaani, Cheptanui alikuwa amesharudi kutoka Longonot. Wangare alimshika mkono bila maelezo, akamwingiza kwenye stoo ya saluni nyuma ya madramu ya maji na mifuko ya nywele za kusuka, akafunga kwa kufuli. Vijana walikuja na marungu wakauliza mwenye duka la kompyuta yuko wapi. Wangare aliwajibu huku vidole vyake vikiendelea kusuka.

"Alienda kwao. Ama mnataka kusukwa?"

Hawakutaka kusukwa. Cheptanui aliyasikia yote kupitia ubao, leso ikiwa mdomoni. Alipotoka alitafuta neno la kusema, yeye aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akalikosa.

"Rudi ufungue duka," Wangare alimwambia. "Ukihama watasema walikuwa sawa."

Akarudi, akafungua. Lakini Februari zamu ikawa ya Wangare. Kaka yake mdogo, Muchiri, alikuwa dereva wa lori. Alisimamishwa kwenye kizuizi barabarani kabla ya kufika Salgaa. Aliulizwa jina, akalitaja, na hapo maisha yake yakaisha. Vijana waliomuuliza walikuwa na majina kama la Cheptanui. Free Area nzima ilijua hivyo, na hakuna aliyelitamka jambo hilo mbele ya Cheptanui, na kule kunyamaziwa kulimchoma kuliko tusi. Alitamani mtu amtukane ili apate wa kumrudishia. Usiku hakulala kwa hasira, na asubuhi hasira ilikuwa pale pale, haina pa kwenda.

Alienda kukaa na wafiwa. Alipewa kiti, akapewa chai, akaangaliwa. Wangare alimvuta pembeni.

"Kaburini usije, jirani. Huko kwetu Ol Kalou sitaweza kukukinga. Msafara utapita pale dukani kwako ukitoka mochari. Muage hapo."

Pale Free Area kuna heshima ambayo haijaandikwa popote. Jeneza likipita, muziki unazimwa. Mwenye bucha anaweka shoka chini, wanaokunywa chai wanasimama, mwenye kofia anavua. Hakuna anayeuliza marehemu ni wa nani. Hata katika siku zile mbaya, wakati mengi yalikuwa yamekufa, jambo hilo lilibaki, na kila mtu alijiona ni wajibu wake mwenyewe, si wa jirani.

Siku hiyo Cheptanui alizima muziki mapema, kabla gari la kwanza halijakata kona. Alibonyeza kibodi yake, wimbo ukasimama katikati. Ulikuwa wimbo wa harusi, wa vigelegele na ngoma, ambao mteja fulani alikuwa amekuja kunakiliwa. Akavaa leso nyeusi, akasimama kando ya meza.

Dukani alikuwemo Mzee Hezekiah, aliyestaafu kazi ya reli, akisubiri simu yake itengenezwe. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na injini kwa miaka mingi, hivyo hakujua kama muziki unalia au haulii. Aliona taa za spika zinawaka. Aliona pikapu yenye jeneza inakuja polepole. Akavua kofia, akachukua rimoti iliyokuwa kwenye kaunta, na kwa adabu zake zote akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Wimbo wa harusi ukalipuka mlangoni.

Cheptanui aliruka, akabonyeza kibodi. Ukanyamaza. Mzee, ambaye kishindo hicho hata yeye alikisikia, alikuwa ameshabonyeza tena kwa hofu. Vigelegele vikarudi. Cheptanui akabonyeza, ukanyamaza. Mzee akabonyeza, ukalia. Wote wawili walikuwa wakiuzima, na kila mmoja akifuta heshima ya mwenzake. Lakini waliokuwa barabarani hawakuyaona hayo. Walichosikia ni duka la mwanamke wa kabila la waliomuua likimchezea Muchiri ngoma kwa vipande, kama mtu anayewacheka makusudi. Mwishowe Cheptanui alijitupa chini ya meza akachomoa waya ukutani.

Msafara ulikuwa umesimama. Kijana mmoja alikuwa ameshika jiwe, na wengine walikuwa wakiinama kutafuta yao. Mzee Hezekiah alitoka nje, kofia mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Ni mimi! Mimi ndiye nilibonyeza, nilikuwa nazima!"

Nani angemsikiliza? Mlango wa gari la mbele ukafunguka, Wangare akashuka na picha ya kaka yake kifuani. Alimtazama Cheptanui kana kwamba hajawahi kumwona.

"Weka hilo jiwe chini," alimwambia yule kijana. "Tunaenda kuzika." Kisha akamgeukia Cheptanui. "Usinieleze sasa. Nikitoka kuzika nitapita hapa, na utaniambia kwa nini ulimpigia kaka yangu muziki wa harusi. Nisipoelewa, funga duka uende. Mimi sitasimama mlangoni tena."

Magari yakaondoka. Cheptanui aliketi sakafuni na waya mkononi. Kufukuzwa na vijana wenye marungu ni jambo moja. Wale angewalaani maisha yake yote na kulala vizuri. Kufukuzwa na Wangare kulimaanisha kwamba kweli hana mtu. Alichomeka waya, akafungua mkataba, akasoma amri kwa amri mpaka akafika kwenye "simama". Chini ya jina hilo, kwa mkono wa Dhruv, kulikuwa na maelekezo mafupi: kama inacheza, isimame, kama imesimama, icheze.

Hakupiga simu. Aliichomoa kompyuta nzima, akaitia kwenye gunia, akaipakata nyuma ya baiskeli ya bodaboda mpaka mjini. Duka la Dhruv lilikuwa limefungua mlango mmoja tu, mingine bado imeshushwa kwa hofu. Akaitua mashine juu ya kaunta kwa kishindo, redio ndogo zikaanguka.

"Wewe! Amri ya simama umeiandikaje?"

Dhruv alitazama gunia, akamtazama yeye. "Ile toggle, ya kugeuza? Ni ile ile, ni vile tu rimoti… Listen, nilitaka kukuambia. Iko smart zaidi. Watu wanatumia tangu Krismasi, hakuna mtu amelalamika."

"Leo imelalamikiwa."

Akamsimulia, na kila neno alilitoa huku akiuma meno. Dhruv alijaribu kujitetea, kwa maana ndiyo tabia ya watu waliosoma sana mambo ya mashine: hata nyumba ikiungua watakwambia moto huo hutokea mara chache.

"Lakini hiyo ni case moja kwa elfu, Cheptanui. Nani anabonyeza kuzima kitu kama imezimwa tayari?"

"Mtu mwenye heshima!" Sauti yake ilifika barabarani. "Hapa kila mtu anazima. Mwenye duka anazima, mteja anazima, mpita njia anazima. Hatungojeani! Wewe umekua Nakuru hii, umeona majeneza yakipita hapa mbele yako, na ulifikiri ni mtu mmoja tu anayeomboleza?"

Dhruv aliinama kuokota redio zilizoanguka.

"Na huyo aliyepita leo ni Muchiri."

"Muchiri gani?"

"Dereva. Kaka ya Wangare wa saluni."

Dhruv aliketi juu ya sanduku la televisheni. Muchiri ndiye aliyekuwa akiwaletea mizigo kutoka Mombasa. Alijua Dhruv hapendi pilipili, na bado kila safari alimletea achari ya maembe ili amkasirishe. Dhruv hakuwa amejua kwamba amekufa. Alikuwa amejifungia nyuma ya milango yake tangu Januari kama wengi.

Cheptanui hakumwonea huruma, si wakati huo. Alivuta kiti akaandika upya, na hakumruhusu Dhruv aguse kibodi. Alimfanya asome kila mstari kwa sauti. Cheza ni cheza. Simama ni simama, na iliyosimama ikiambiwa isimame, inabaki ilivyo. Ile amri ya Dhruv ya kugeuza aliiacha iwepo, ila kwa jina lake yenyewe, geuza, isijifiche tena chini ya jina la mwingine. Kisha wakaenda pamoja Free Area, wakabadilisha mashine duka kwa duka. Mwenye bucha aliwafungulia bila kuwasalimia. Cheptanui alimwambia Dhruv asithubutu kuondoka kabla Wangare hajarudi.

Wangare alirudi na udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu vyake. Mzee Hezekiah alikuwa amekaa dukani tangu saa zile, amekataa kwenda nyumbani. Dhruv alisimama.

"Auntie, pole sana. Unajua, ni logic ya—"

"Sitaki hadithi ya kompyuta." Wangare hakumtazama. "Jirani. Sema."

"Nilikuwa nimezima," Cheptanui alisema. "Mzee naye akazima, hakujua. Mashine ilikuwa imefundishwa kwamba ukiizima mara mbili, umeiwasha."

"Nani aliifundisha?"

"Ni mimi," Dhruv alisema. "Aliniambia nisifanye hivyo. Nikafanya."

Wangare alimgeukia Cheptanui. "Kwa hivyo watu wawili walimheshimu kaka yangu, ndio akapigiwa ngoma?"

"Ndiyo."

"Huo ni ujinga gani?"

"Ni ujinga," Cheptanui alisema. Alikuwa analia na alikasirika kwamba analia. "Nimeutoa."

"Cheza. Ule ule."

"Wangare…"

"Nimesema ule ule."

Cheptanui aliucheza. Vigelegele vya harusi vilijaa dukani, na watu wakatoka milangoni mwao wakikunja uso. Wangare aliinyoosha rimoti, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Alimpa Mzee Hezekiah, mzee akabonyeza. Akamwonyesha Cheptanui kibodi kwa kidevu, Cheptanui akabonyeza. Akampa Dhruv, naye akabonyeza. Kila mmoja alinyamazisha kilichokuwa kimeshanyamaza, na kikabaki hivyo. Mwisho Wangare alichukua rimoti, akaitia kwenye mfuko wa sweta yake, akatoka bila kuaga.

Hakumfukuza. Lakini hakumsemesha pia, siku hiyo wala zilizofuata. Cheptanui aliyezoea ukali wa kila aina hakujua la kufanya na ukimya huo. Hasira yake kwa Dhruv ilikuwa imekwisha. Hasira ile ilikuwa na kosa la kushika, na kosa likaondolewa. Ile ya kuuawa kwa Muchiri kizuizini haikuondoka, na hakutaka iondoke.

Mwezi ule majeneza yalikuwa mengi. Siku moja ulipita msafara mdogo, gari moja na watu wachache wakitembea nyuma, wageni ambao hakuna mtu wa Free Area aliyewajua. Cheptanui alisimamisha muziki wake, akasimama. Alipoinua macho alimwona Wangare mlangoni pa duka la kompyuta, aproni ya saluni mwilini, rimoti imenyooshwa kuelekea kwenye mashine. Uso wake ulikuwa mkavu. Alibonyeza. Akabonyeza tena, na tena, kidole gumba kikishuka kwa nguvu, macho yakiwa kwenye spika, mpaka gari likapita na watu wake wakapita.

Spika hazikutoa hata mkwaruzo.

Wangare alirudisha rimoti mfukoni.

"Imekubali, jirani," alisema, akarudi kwa mteja wake.